Majaribio Bila Mshahara



Mdogo wangu wa kike ni fundi wa urembo wa ngozi. Saluni moja ilimtaka afanye “majaribio” siku 3. Alisafisha nyuso za wateja 11, na wote walilipa. Yeye aliambiwa tu, “Tutakuita.”

Sisi watu wa reli twajua: injini ya majaribio haipakii abiria waliokata tikiti. Ikiwapakia, hiyo ni safari. Kupimwa saa moja si neno. Lakini mteja akilipa, fundi naye alipwe. Sheria ya Ajira ya 2007 yataka kibarua alipwe mwisho wa siku.

Basi ndugu, tuwafunze binti zetu waulize malipo kabla ya kushika taulo.