Ubatizo wa Mtunza Hazina



Nimeombwa nieleze maana ya ubatizo wa maji. Mimi ni mtumishi wa serikali, basi nitamtaja mtumishi mwenzangu wa katika Matendo ya Mitume, mlango wa 8: yule Mwethiopia, mtunza hazina ya Malkia Kandake. Filipo alimweleza habari za Yesu njiani, na walipofika penye maji, mwenyewe aliomba kubatizwa.

Neno batiza asili yake ni Kiyunani, maana yake kuchovya au kuzamisha. Mtume Paulo, akiwaandikia Warumi, mlango wa 6, aliufananisha ubatizo na maziko: utu wa kale huzikwa pamoja na Kristo, mtu akaanza maisha mapya. Madhehebu mengine huzamisha, mengine humimina maji, lakini fundisho hilo wanalo wote.

Baada ya kubatizwa, Mwethiopia yule alishika njia ya kwao kwa furaha. Na kwao ndiko ilikokuwa hazina.

Ndugu zangu, wengi wetu tunavyo vyeti vya ubatizo, tumevihifadhi pamoja na vyeti vya shule. Cheti chathibitisha kwamba maji yalitumika. Kwamba utu wa kale ulizikwa, hilo huthibitika ofisini, mwananchi mnyonge anapofuata faili lake akahudumiwa bila kudaiwa chai. Kwenu vijana, huthibitika katika chumba cha mtihani, msimamizi anapogeuka.