Atalala Wapi?

Wiki hii nataka tuzungumze jambo ambalo wazazi wengi hulisahau mara tu kijana anapopanda basi kwenda chuoni. Tunahangaika na ada, tunahangaika na fomu za mkopo, tunamnunulia godoro na ndoo, halafu tunashusha pumzi. Hatuulizi atalala wapi.

Iringa na Mbeya leo ni miji ya vyuo. Iringa pana Mkwawa, ile sekondari maarufu iliyogeuzwa chuo kikuu kishiriki cha elimu mwaka 2005. Pana Chuo Kikuu cha Iringa cha Walutheri, na Ruaha cha Wakatoliki. Mbeya pana Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia pale Iyunga, pana Teofilo Kisanji cha Wamoravian, na Mzumbe nao wana kampasi yao. Mabweni hayawatoshi wote. Wengi wanapanga mitaani: Kihesa, Semtema na Mtwivila kwa upande wa Iringa, Iyunga, Ilomba na Nzovwe kwa upande wa Mbeya. Chumba hicho wenyewe wanakiita geto.

Hebu tupige hesabu. Mwaka wa masomo 2022/2023 posho ya chakula na malazi kwa mwanafunzi mwenye mkopo ilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Wanafunzi walishangilia, na walikuwa na haki. Lakini fedha hiyo, wanayoiita bumu, inakuja kwa mafungu, na mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita au mwaka mzima kabla hajatoa ufunguo. Tuseme chumba ni shilingi 40,000 kwa mwezi. Miezi sita ni 240,000. Dalali naye anataka ya mwezi mmoja. Jumla 280,000, yaani posho ya siku 28 bila kutia hata kijiko cha wali mdomoni. Na huyo ndiye mwenye bahati ya mkopo. Asiye na mkopo anamtazama baba yake, na baba anatazama bei ya mahindi.

Matokeo yake ni nini? Ni kubebana. Chumba cha mmoja wanalala watatu. Luku ni moja nyumba nzima, kwa hiyo kila siku ni ugomvi: nani alichemsha maji, nani alipiga pasi. Choo kiko uani na hakina komeo. Binti anayetoka maktaba usiku anapita njia isiyo na taa. Halafu matokeo ya mtihani yakija tunauliza kijana amepatwa na nini.

Lipo kubwa zaidi, nalo ni baridi. Miji hii iko zaidi ya meta 1,500 juu ya usawa wa bahari, na aliyewahi kulala huko mwezi Juni au Julai hahitaji kuelezwa. Kijana anafunga dirisha, anaziba uwazi wa mlango kwa kitenge, anaingiza jiko la mkaa ndani apate joto. Ndugu zangu, mkaa unaowaka katika chumba kilichofungwa unatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Anayelala nayo anaweza asiamke. Jiko la mkaa likae nje, hata kama limebaki makaa mekundu tu.

Ziko nchi zilizoliona tatizo hili mapema. Finland baridi yake hushuka hata nyuzi 20 chini ya sifuri, na hakuna mwanafunzi anayeachiwa kuota moto chumbani. Mwaka 1969 uliundwa mfuko wa nyumba za wanafunzi wa eneo la Helsinki, unaoitwa HOAS. Unajenga na kupangisha. Vijana kadhaa wanashiriki nyumba moja yenye jiko na bafu, lakini kila mmoja ana chumba chake, mkataba wake na ufunguo wake. Kodi inalipwa kwa mwezi. Kufua kuna zamu, na hata sauna, ule mvuke wao wa kuogea, ina zamu.

Mtaniambia Finland ni tajiri. Kweli, na sauna sisi hatuihitaji. Tunahitaji choo chenye komeo na mkataba wa maandishi. Hivyo havihitaji utajiri wa Ulaya. Na tukiamua kujenga, tunaweza: mwaka 2017 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilizindua mabweni ya majengo 20 yenye nafasi za wanafunzi 3,840, kwa shilingi bilioni 10.

Simlaumu mwenye nyumba peke yake. Wengi wao ni wastaafu na kina mama wajane waliojenga chumba kimoja kimoja, na kodi ya mkupuo ndiyo saruji ya chumba kinachofuata. Wapo wanafunzi wanaohama usiku bila kulipa. Na tangu sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984 ilipofutwa mwaka 2005, kilichobaki ni mapatano. Mapatano ya mdomo humwumiza mnyonge.

Kwa hiyo nasema hivi. Kila chuo kiwe na orodha ya nyumba kilizozikagua. Kodi ilipwe kwa muhula, kwa mkataba. Iringa wanafundishwa wanasheria. Waandike mkataba mfupi wa Kiswahili ambao bibi wa Kihesa atausoma na kuuelewa. Iyunga wanafundishwa wahandisi na wasanifu majengo. Wakague madirisha, nyaya na vyoo. Itakuwa ajabu vijana wasomee sheria bila mkataba, na wasomee ujenzi wakiwa ndani ya pagala.

Nawe mzazi, piga simu leo. Usianze na masomo. Muulize kwanza analala wapi, na jiko liko wapi.