Mtutu Una Maandishi Mawili

Ndugu msikilizaji, bunduki ikiletwa mahakamani kuwa kielelezo, wengi wetu hutazama jina la kiwanda na namba, tukaona mambo yamekwisha. Leo nasema hayajaisha.

Chukua bunduki ya mashindano ya shabaha. Mwenyewe alifungua mtutu wa kiwandani, akafungisha mwingine aliouagiza kwa fundi. Mwili wa bunduki una jina la kiwanda. Mtutu una mhuri wa fundi. Pamoja na jina lake, fundi huandika kipimo cha risasi, na pengine tarakimu 1-10. Maana yake, risasi huzunguka mara moja katika kila inchi 10 za mtutu, yaani sentimita 25 hivi.

Kinachoizungusha ni mifereji iliyomo ndani. Yuko fundi anayeichonga kwa kisu kidogo cha chuma, mfereji mmoja mmoja, akirudia mara nyingi. Mwingine hupitisha kitufe kigumu chenye sura ya mifereji, kikaikandamiza yote kwa pamoja. Viwanda vikubwa hutia ndani nondo yenye sura hiyo, kisha mashine ikaufua mtutu kwa nje.

Idadi ya mifereji na upande inakozungukia ni alama za ukoo: huonyesha aina tu. Alama za bunduki moja ni mikwaruzo midogo iliyoachwa na kifaa, kutu na matumizi. Risasi ikipita, huondoka nayo. Mhuri wa nje waweza kupigwa tupa ukafutika. Maandishi ya ndani huenda na risasi hadi kwenye mwili wa marehemu.

Mjini Chicago, Februari 14, 1929, watu 7 waliuawa ndani ya gereji. Baadhi ya wauaji walivaa sare za polisi, na polisi wenyewe wakashukiwa. Mtaalamu Calvin Goddard alifyatua bombomu za polisi aina ya Thompson, akalinganisha risasi kwa hadubini. Hakuna iliyolingana. Desemba mwaka huo, bombomu mbili zilizokutwa nyumbani kwa Fred Burke, jimbo la Michigan, zililingana.

Hata hivyo, tusiifanye hadubini kuwa msahafu. Mitutu iliyotengenezwa mfululizo kwa kifaa kimoja yaweza kufanana hata katika baadhi ya mikwaruzo. Mwaka 2009, ripoti ya wanasayansi wa Marekani ilisema utafiti haujatosha kuonyesha ulinganisho huo ni wa uhakika kiasi gani.

Basi, kabla ya kumwita mtu muuaji, tuulize maswali mawili. Mtutu huu ndio uliotoka na bunduki hii kiwandani, au ulibadilishwa? Na alama zilizolingana ni za ukoo, au za mtutu huu peke yake? Asiyeuliza anaweza kumfunga asiye na hatia, na mwenye hatia akabaki mtaani na mtutu wake.

Kwa leo naishia hapo.