Tuhesabu Pamoja Samaki wa Ziwa Kivu
Maneno yaliyotolewa Bukavu mbele ya familia zilizohama na viongozi wa mitaa

Leo tuko na swali linalotugombanisha kandokando ya ziwa: je, samaki wanaisha? Na kama wanaisha, nani anawamaliza?

Tangu vita vilipofika Bukavu Februari 2025, lawama zimeongezeka. Mwenyeji anasema wageni wamevua mno. Mkimbizi anajibu kwamba hana shamba, akiacha wavu watoto watalala njaa. Wote wanasema kwa uchungu, lakini hakuna aliye na hesabu mkononi. Na pasipo hesabu, kosa huangukia mgeni.

Tukumbuke kwamba sambaza naye alikuja hapa kama mgeni. Aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo analisha pande zote mbili za mpaka. Kivu ina kina cha mita 485 hivi, lakini huko chini kuna gesi na samaki hawezi kupumua. Wanaishi katika tabaka la juu tu. Kwa hiyo ukubwa wa ziwa usitudanganye.

Wataalamu walipima wingi wa sambaza kwa vyombo vya sauti katika miaka ya 1980, kisha tena mwaka 2008, wakaona akiba haikubadilika sana. Ilikuwa habari njema ya wakati ule. Lakini kipimo cha 2008 hakiwezi kutuambia hali ya leo. Je, tungoje tu mpaka vyombo virudi? Hapana. Kuna mambo matatu tunayoweza kuyaandika sisi wenyewe.

La kwanza ni samaki kwa mtumbwi kwa usiku mmoja. Tuseme mwaka huu mitumbwi 10 inaleta mabeseni 40. Kila mmoja umepata 4. Mwaka ujao mitumbwi 20 inaleta mabeseni 50. Soko litafurahi, lakini kila mtumbwi umepata mawili na nusu tu. Hiyo ni dalili, si hukumu: labda samaki ni wale wale, ila wanagawanywa kwa wengi.

Ndiyo maana tunahitaji jambo la pili, urefu. Tuchukue samaki 50 bila kuchagua, tuwapime kwa rula, tuhesabu wenye mayai. Urefu ukipungua mwaka hata mwaka, na wenye mayai wakawa wachache, basi tunakula mbegu.

La tatu ni mwezi na wavu. Mbalamwezi ikiwaka, taa za wavuvi hazivuti samaki vizuri. Kwa hiyo tulinganishe usiku wa giza na usiku wa giza. Tuandike pia aina ya wavu, maana chandarua cha mbu kikikokotwa karibu na ufuo kinazoa watoto wa samaki.

Daftari lishikwe na watu wawili, mwenyeji mmoja na mkimbizi mmoja, na kila mwezi lisomwe mbele ya wote. Lisiandikwe jina la mvuvi yeyote. Mtu akiogopa kodi au kufukuzwa, atapunguza hesabu, na daftari litakuwa la uongo.

Viongozi, dalili zikiwa mbaya kwa miezi mingi, msiamue peke yenu. Mnaweza kukubaliana na wavuvi kuacha vyandarua, au kupumzisha ghuba ambamo samaki wanakulia. Upande wa Rwanda uvuvi hufungwa kwa miezi miwili hivi kila mwaka. Lakini kufunga ziwa bila kuuliza aliyepoteza shamba atakula nini ni kuwasha moto mwingine. Kabla ya kufunga, chakula au kazi nyingine ijulikane.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mkimbizi anayeshika rula pamoja na mwenyeji anasaidia kulinda chakula cha wote wawili. Anzeni na ufuo mmoja, daftari moja, usiku wa giza unaokuja.