Waya wa Kurudi

 

Leo twataka kuzungumza juu ya umeme, au stima, kama tusemavyo wengi wetu. Pengine mtauliza, mchungaji na stima wapi na wapi? Subirini kidogo.

Jumamosi moja ya msimu wa mvua tuliwakusanya watoto wa Shule ya Jumapili katika ukumbi wa kanisa. Mezani tuliweka betri mbili za tochi, balbu ndogo na vipande vya waya. (Wazazi wanaonung'unikia vifaa vya mtaala mpya tangu mwaka 2019 wasiogope, hivi ni vitu vya tochi kuukuu.) Tuliwaambia, "Washeni," wala hatukuwaonyesha namna. Nusu saa ikapita gizani. Karibu wote walifunga waya mmoja tu, kutoka betri hadi balbu, kisha wakangoja, kama kwamba umeme ni maji ya mfereji yajazayo ndoo. Mwishowe msichana mmoja akatwaa waya wa pili, akautoa kwenye balbu na kuurudisha kwenye kitako cha betri. Ikawaka! Kelele zile zilisikika hadi barabarani.

Hilo ndilo somo la kwanza la umeme. Hauendi mahali ukakaa, huzunguka. Hutoka upande mmoja wa betri na kurudi upande wa pili, na njia ikikatika popote, hata kwa upana wa unywele, kazi yote husimama. Swichi ni pengo kama hilo, ila hufungwa na kufunguliwa kwa kidole. Watoto walijaribu kuziba pengo kwa msumari, kijiko, kijiti kikavu na kandambili. Msumari na kijiko vilikubali, kijiti na kandambili vikakataa. Penseli iliyochongwa ncha zote mbili iliwashangaza, maana balbu iliwaka, lakini kwa kufifia.

Wakauliza stima ya nyumbani hutoka wapi. Tuliwatajia bwawa la Turkwel, lililoanza kutoa umeme mwaka 1991 na ambalo nyaya zake kubwa hufika Lessos, si mbali na hapa Eldoret. Tuliwasimulia pia habari za Michael Faraday wa London, mwana wa mhunzi na mzee wa kanisa, ambaye mwaka 1831 aligundua kwamba sumaku ikisogezwa ndani ya waya uliozungushwa, umeme huzaliwa. Mitambo ya Turkwel hufuata kanuni iyo hiyo. Naye Faraday, pamoja na ukuu wake, alipenda kufundisha watoto wakati wa Krismasi.

Ndipo kijana mmoja wa miaka 12 akauliza, "Mbona ndege hutua juu ya nyaya na hawafi?"

Tulimjibu kwamba ndege hukanyaga waya mmoja kwa miguu yote miwili, wala hagusi kitu kingine, hivyo umeme hauoni ndani yake njia ya kwenda kwingine. Bali mtu asimamaye chini akigusa waya wenye umeme, yeye mwenyewe huwa njia. Umeme hupita mwilini mwake hadi ardhini, na kwa ardhi hurudi ulikotoka. Betri mbili za tochi ni volti 3 tu. Stima ya nyumbani ni volti 240.

Kijana akanyamaza. Kisha akasema polepole, "Kwa hiyo baba alikuwa ule waya wa kurudi."

Wasikilizaji, baba yake tulimzika sisi, mwaka uliotangulia. Alikuwa akianua nguo jioni, mvua ikinyesha, miguu mitupu. Kamba ya nguo ilikuwa waya, umefungwa kwenye mabati, na waya wa stima uliochubuka ulikuwa umelalia mabati yale. Nasi mbele ya jeneza tulisema nini? Tulisema ni mapenzi ya Mungu, tukafunga Biblia. Mwaka mzima mtoto huyu alibeba neno letu, kwamba Mungu ndiye aliyetaka baba yake afe akianua nguo.

Nabii Hosea, katika sura ya 4, alipoona watu wanapotea kwa ujinga, aliwageukia makuhani, waliopewa kazi ya kufundisha wakaiacha. Tuliisoma sura hiyo chuoni, tukaandika mtihani, tukapita. Tulidhani yahusu makuhani wa Israeli.

Tulimwomba kijana radhi palepale, mbele ya wenzake. Hakujibu kitu. Alishika balbu, akaiwasha, akaizima, akaiwasha tena.

Jumamosi iliyofuata alileta karatasi ya daftari. Alikuwa amezunguka mtaani kwao akihesabu nyumba ambazo kamba ya nguo bado ni waya uliofungwa kwenye mabati. Alizipata 9. Hakugusa hata waya mmoja, kama tulivyomwonya, nanyi msiguse kabla fundi hajazima stima na kupima. Jumatatu tunakwenda huko pamoja na fundi mwenye leseni. Kamba za nailoni tumekwisha kununua, na kijana ndiye atakayetuonyesha nyumba.