Akiba ya Chama Iwekwe Wapi? Fedha Taslimu, Hati Fungani, Hisa na Majengo

(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Kigoma)



Akiba ya chama si mali ya kamati. Ni jasho la mvuvi wa dagaa, la mkulima wa kahawa na la mkamuaji wa mawese. Kwa hiyo swali la mahali pa kuiweka lawahusu wote. Njia ni nne: fedha taslimu, hati fungani, hisa, na ardhi pamoja na majengo. Kila njia yafaa kupimwa kwa maswali matatu. Je, fedha itapatikana siku ya haja? Je, itazaa nini? Je, ni kitu gani kiwezacho kuipunguza?

FEDHA TASLIMU. Sifa yake ni kuwa karibu. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi tangu tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaliana. Katika miezi mitatu kama hiyo mvuvi hana pato la ziwani, naye huja chamani kuomba mkopo wa chakula na wa mahitaji ya shule. Chama ambacho akiba yake yote imegeuzwa matofali hakina cha kumpa.

Hata hivyo, fedha isiyozaa huliwa polepole na kupanda kwa bei. Katika karne ya 19 soko la Ujiji lilitumia shanga kama fedha. Aliyezirundika chumbani, warithi wake walibaki na mapambo tu. Shilingi nayo imepata kushuka: mwaka 1980 dola moja ya Marekani ilikuwa kiasi cha shilingi 8, na kufikia mwisho wa mwaka 1990 ilikaribia shilingi 200.

HATI FUNGANI. Hapa chama huikopesha Serikali kupitia Benki Kuu ya Tanzania. Riba hulipwa mara mbili kwa mwaka, na fedha iliyokopeshwa hurudi muda unapokwisha. Hati ya miaka 25 iliyotolewa mwaka 2021 ilikuwa na riba ya asilimia 15.95, mwaka 2022 riba ya hati mpya za muda huo ilishushwa hadi asilimia 12.56. Kwa riba hii ya pili, shilingi milioni 10 huleta shilingi 628,000 kila miezi sita. Mwaka 2024 bei za bidhaa nchini zilipanda kwa wastani wa asilimia 3.1, basi pato hilo lilibakiza ziada ya kweli. Lakini miaka 25 ni mirefu. Anayehitaji fedha kabla ya wakati hulazimika kuuza hati yake kwa mwingine. Na ikiwa riba mpya zimepanda, hati ya zamani hupata bei pungufu.

HISA. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza biashara mwaka 1998. Hisa ya kampuni si sawa na hisa ya ushirika: chamani kila mwanachama ana kura moja, lakini katika kampuni kura hufuata wingi wa hisa. Gawio nalo halina ahadi, hutegemea faida. Mfano ni Benki ya CRDB, ambayo zamani ilikuwa Benki ya Ushirika na Maendeleo Vijijini. Mwaka 2009 iliuza hisa kwa shilingi 150. Mwaka 2019 hisa hiyo ilikuwa chini ya bei hiyo. Mwaka 2024 ilikuwa imepita shilingi 500. Aliyelazimika kuuza mwaka 2019 alipata hasara, na aliyeweza kungoja alipata faida. Hisa, basi, hununuliwa kwa fedha iwezayo kungoja.

ARDHI NA MAJENGO. Wengi huamini kuwa nyumba haipotei. Mwaka 1971 sheria ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Ziwa nalo lina sheria yake. Mahali pa Ujiji panapokumbukwa Livingstone na Stanley walipokutana mwaka 1871 leo pako mbali na maji, kwa sababu ziwa lilishuka baadaye; na katika miaka ya 2020 na 2021 maji yalipanda yakaingia nyumba za ukingoni. Tena, Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yazuia shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa ziwa. Ghala au nyumba ya kupangisha hufaa ikiwa hati ya ardhi ni halali, mahali pako juu, na wapangaji wapo. Lakini ukuta hauwezi kuuzwa nusu ili kumkopesha mvuvi.

Kwa hiyo haifai kuuliza njia ipi ni bora kuliko zote. Yafaa kuuliza fedha hii itatakiwa lini. Fungu la miezi ya kufungwa ziwa likae benki. Fungu la miaka kadhaa liende katika hati fungani za muda unaolingana nalo. Linalobaki, ambalo chama kinaweza kuishi bila kuligusa, ndilo liangaliwe kwa hisa au jengo. Na uamuzi ufuate Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 na masharti ya chama, ujadiliwe katika mkutano mkuu, na katibu auandike katika kumbukumbu pamoja na sababu zake, ili mwanachama atakayeuliza kesho apate jibu.