Haki ya Kinyungu na Haki ya Mto
(Mada kwa wajumbe wa kamati za Haki na Amani za parokia, Wanging'ombe)



Nimeombwa niseme juu ya mabonde yetu chepechepe. Huenda mtu akauliza: matope yanahusianaje na Haki na Amani? Nitaanza na jambo nililolishuhudia kiangazi kilichopita. Mama mmoja mjane alikuwa amelima kinyungu kando ya kijito. Mboga zake ziling'olewa na mahindi yake yakafyekwa, zikiwa zimebaki wiki mbili tu avune. Hatua chache juu yake, kwenye chemchemi yenyewe, lilisimama shamba la mikaratusi la mtu mwenye uwezo. Halikuguswa hata tawi.

Sheria iliyotumika ipo, wala si mbaya. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, shughuli za kudumu au zinazoweza kudhuru hifadhi ya ukingo huo. Yatupasa kuielewa sababu yake. Bonde chepechepe ni kama sifongo: hunyonya mvua ya masika na kuiachia kidogo kidogo wakati wa kiangazi. Udongo wake mweusi ni mabaki ya mimea iliyozama majini bila kuoza kabisa. Milimeta moja yaweza kuchukua mwaka mzima kujijenga. Bonde likichimbiwa mifereji ya kulikausha, udongo huo husinyaa, na moto ukiingia huungua. Duniani kote udongo wa namna hiyo hauzidi sana asilimia 3 ya nchi kavu, lakini umehifadhi kaboni kuliko misitu yote.

Sisi wa milimani tumeshika bomba la wenzetu. Maji ya huku juu hunywesha vijiji vikavu vya tambarare ya Wanging'ombe kwa mradi wa mserereko ulioanza miaka ya 1970. Mengine hushuka kwa mto Mbarali hadi Usangu, huingia Ruaha Mkuu, kisha huelekea mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu. Tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikatika wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na viboko hubaki wakisongamana katika madimbwi.

Ndugu zangu, katika jambo hili mnyonge ndiye hulaumiwa kwanza. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji wengi waliondolewa Usangu pamoja na mifugo yao, na mwaka 2008 kinamasi cha Ihefu kikaingizwa katika Hifadhi ya Ruaha. Hata hivyo mto uliendelea kukauka, kwa maana maji mengi yalichepushwa kabla ya kufika Ihefu, kwenda mashamba ya mpunga, makubwa kwa madogo. Aliyeonekana kirahisi aliondolewa, sababu ilibaki.

Basi tujiulize: kama sheria inakataza shughuli za kudumu, ni kipi cha kudumu zaidi, tuta la kabichi au mkaratusi unaonyonya maji masika na kiangazi kwa miaka mingi? Sisemi kwamba vinyungu havina madhara. Nasema kwamba mizani ya haki haina jiwe la tajiri na jiwe la maskini. Mfalme Ahabu alilitaka shamba la Nabothi alifanye bustani ya mboga. Kwetu bustani ya mboga ndiyo mali pekee ya Nabothi.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, kila kamati itembelee chemchemi za kijiji chake na kuandika nani analima nini ndani ya mita 60, bila kuruka jina la mtu yeyote, hata kama ni la paroko. Pili, orodha hiyo ifikishwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, mikaratusi ya kwenye vyanzo iondolewe kwanza, na mwenye kinyungu aachiwe avune kabla ya kuhama. Tatu, kijiji kimtafutie mwenye kinyungu sehemu nyingine ya kulima nje ya mita hizo, kwa maana watoto wake hula mboga hizo wakati ghala ni tupu.

Mto ukiokolewa kwa kumwonea mjane, hatutakuwa na amani kando yake. Na mjane akiachwa aukaushe mto, mjane mwingine kule tambarare atabeba ndoo tupu. Wote wawili ni wa kwetu.